Ukiitwa kukaa juri Marekani: mwongozo kwa aliyepokea samansi

Bahasha ya mahakama imefika kwenye sanduku lako la barua. Jina lako limeandikwa kwa herufi kubwa, na ndani kuna Kiingereza kizito kinachokuamuru ufike mahali fulani, siku fulani, saa fulani. Hujashtakiwa. Hakuna aliyekupeleka polisi, wala hutakiwi kutoa ushahidi. Umeitwa kwenye juri, yaani kundi la raia wa kawaida wanaosikiliza kesi na kuamua kilichotokea. Jina lako limeokotwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye daftari la wapigakura au orodha ya wenye leseni za udereva, pamoja na majina ya majirani zako.

Naandika kwa ajili ya watu wetu waliohamia Marekani: Wakongo wa Lexington na Dallas, Warundi waliotoka kambi za Kigoma, Wakenya wa Minnesota, Watanzania wa Houston. Wengi wetu tumekua tukijua kwamba karatasi ya mahakama ni habari mbaya, na dawa yake ni kuificha au kumtafuta mtu anayejuana na karani. Hapa kuificha ndiko kunakoleta matatizo. Barua hii inajibika, mara nyingi kwa dakika chache, na anayejibu kwa ukweli hana cha kuogopa.

Kwanza, juri ni nini hasa? Aliyekulia Tanzania atawafikiria wazee wa baraza waliokuwa wakikaa na jaji wa Mahakama Kuu. Wale walitoa maoni tu, na jaji hakufungwa nayo. Kenya iliwaondoa wazee wa namna hiyo mwaka 2007. Mnyarwanda atakumbuka gacaca, zile mahakama za jamii za kesi za mauaji ya kimbari, ambako raia wenyewe waliamua, lakini waamuzi wa gacaca walichaguliwa na watu waliowajua, ilhali juri hutafuta watu wasiomjua yeyote katika kesi. Marekani, jaji husimamia sheria na juri huamua ukweli wa mambo. Juri ikisema mshtakiwa wa jinai hana hatia, jaji hawezi kulitengua neno hilo na serikali haiwezi kulikatia rufaa. Haki ya juri imo katika Katiba tangu 1791, kwenye Marekebisho ya Sita kwa kesi za jinai na ya Saba kwa kesi za madai.

Hatua ya 1: Soma barua yote, kisha hakikisha ni ya mahakama

Tazama juu kabisa jina la mahakama. Likiwa na jina la kaunti au jimbo lako, utafuata sheria za jimbo hilo. Likiwa United States District Court, ni mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu malipo, adhabu na sababu za kusamehewa havilingani. Kisha tafuta namba yako ya juri, tarehe ya kufika, tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu (mahakama za shirikisho hutaka irudi ndani ya siku 10), na namba ya simu ya ofisi ya juri. Piga picha kurasa zote kwa simu yako kabla karatasi haijapotelea jikoni.

Ukiona maneno Grand Jury, ujue umeitwa kwenye juri kuu. Hiyo haiamui hatia. Husikiliza ushahidi wa mwendesha mashtaka, kwa siri, na kusema kama unatosha kumfungulia mtu mashtaka. Ya shirikisho huwa na watu 16 hadi 23, na angalau 12 lazima wakubali ndipo mashtaka yapite. Kwa kawaida inaweza kudumu hadi miezi 18, ingawa watu hawaendi kila siku. Mengine yote humu nayaeleza kwa juri ya kesi ya kawaida, kwa kuwa ndiyo inayowaita wengi.

Sasa kuhusu matapeli. Wapo wanaopiga simu wakijiita polisi au maofisa wa mahakama, wakisema ulikosa kufika kwenye juri, hati ya kukukamata imetoka, na ulipe sasa hivi kwa kadi za zawadi za dukani au kwa kutuma fedha kwa simu. Mahakama haidai faini kwa njia hiyo, wala haikuombi namba ya kadi ya benki au ya Social Security kwa simu. Kata. Kama moyo hautulii, tafuta mwenyewe namba ya mahakama ya kaunti yako na uwaulize. Waeleze hivyo hasa wazazi wenu, kwa sababu mzee aliyewahi kukimbia askari hutetemeka akisikia neno hati ya kukamatwa, na matapeli hawa huishi kwa hofu ya namna hiyo.

Hatua ya 2: Jibu swali la uraia kwa ukweli mtupu

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Kukaa juri ni kwa raia wa Marekani peke yao, waliotimiza miaka 18. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, haruhusiwi, hata kama amekaa miaka mingi na kodi zake amezilipa zote. Mkimbizi haruhusiwi. Mwanafunzi na mwenye viza ya kazi vilevile. Lakini samansi huwafika mara kwa mara, kwa sababu orodha ya leseni za udereva ina majina ya raia na wasio raia.

Kama wewe si raia, kwenye fomu weka alama ya kwamba wewe si raia, tia saini, na uirudishe kabla ya tarehe ya mwisho. Mahakama nyingine huomba nakala ya grini kadi. Baki na nakala ya fomu na ya kila ulichotuma. Utaondolewa kwenye orodha na habari imekwisha. Usiitupe barua kwa kudhani kwamba haikuhusu, maana mahakama haijui kwamba haikuhusu mpaka uiambie.

Na usiende kukaa juri kwa kuogopa kukataa, wala kwa kuona ni heshima umepewa. Kujidai raia wa Marekani kwa uongo ni kati ya makosa mazito kabisa katika sheria ya uhamiaji. Kunaweza kukufungia njia ya uraia na hata kukuondoa nchini, na msamaha wake ni mgumu mno kupatikana. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza waziwazi kama umewahi kudai kuwa raia, na kama umewahi kujiandikisha kupiga kura. Kama alama hiyo umeshaiweka mahali fulani kwa kutoelewa Kiingereza, mwone wakili wa uhamiaji mwenye leseni kabla hujajaza fomu nyingine yoyote. Usimwendee mjuzi wa mtaani anayejaza fomu kwa dola 100.

Kuna jambo linalofungamana na hili. Katika majimbo mengine, Texas likiwa moja, majina ya waliosema si raia kwenye fomu ya juri hupelekwa kwa wasimamizi wa daftari la wapigakura. Kwa hiyo kama uliwahi kujiandikisha kupiga kura bila kujua, labda pale ulipokuwa ukichukua leseni, mambo hayo mawili yatakutana. Ukweli bado ndio njia, ila ipite kwa wakili.

Vijana nao wana suala lao. Kijana aliyeingia na grini kadi, kisha mzazi anayeishi naye akapata uraia kabla kijana hajatimiza miaka 18, kwa kawaida naye huwa raia siku hiyohiyo, hata kama mfukoni bado ana grini kadi yake ya zamani. Wengi hawajui. Mkiwa na kijana wa namna hiyo nyumbani, thibitisheni uraia wake kabla hajajibu.

Pia msifuate ushauri wa ndugu aliyeko London. Kule Uingereza na Wales, Mkenya au Mtanzania anayeishi kihalali anaweza kuwamo kwenye daftari la wapigakura kama raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, na akishakaa miaka 5 anaweza kuitwa kwenye juri na kuhudumu bila kuwa Mwingereza. Sheria hiyo ni ya kule.

Kama umeshaapa kiapo cha uraia, basi barua hii ni yako kweli. Katika maswali 100 ya mtihani wa uraia wa 2008 limo linalouliza jukumu moja la raia peke yao, na majibu yake mawili ni kukaa juri na kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho. Wengi walilikariri wakiwa kwenye basi la kwenda kazini.

Hatua ya 3: Jaza fomu, na uombe mapema kama una sababu

Fomu huuliza unaishi wapi, unafanya kazi gani, kama umewahi kupatikana na kosa kubwa la jinai, na kama unaelewa Kiingereza. Siku hizi mahakama nyingi zinakuruhusu kujibu kwenye tovuti yao.

Swali la Kiingereza lifikirie vizuri. Mahakama za shirikisho zinataka mtu anayeweza kusoma, kuandika, kuelewa na kuzungumza Kiingereza, na majimbo karibu yote hufanya vivyo hivyo. Lafudhi haikuondolei sifa. Ukitazama habari za Kiingereza ukazifuata, ukazungumza na daktari bila mkalimani, unatosha. Lakini wapo wazee wetu waliofanya mtihani wa uraia kwa Kiswahili au Kinyarwanda kwa sababu ya umri na miaka waliyokaa, au kwa sababu ya ugonjwa. Hao ni raia kamili, ila Kiingereza cha kesi hawakifuati, na ni haki yao kusema hivyo kwenye fomu. Uhuru wa mtu unaamuliwa mahakamani. Asiyesikia kinachosemwa hawezi kuubeba. New Mexico ndilo jimbo la pekee la aina yake hapa: katiba yake inakataza kumzuia raia kukaa juri kwa sababu hajui Kiingereza, na mahakama humletea mkalimani, hadi ndani ya chumba cha majadiliano.

Kuahirisha ni rahisi kuliko kusamehewa. Una tiketi ya kwenda Bujumbura kumzika mama, una mtihani wa uuguzi, umejifungua juzi: omba tarehe nyingine, ambatisha ushahidi, na omba kabla ya siku yenyewe. Mahakama nyingi hukubali ombi la kwanza bila maneno mengi. Kusamehewa kabisa kunataka sababu nzito, kama ugonjwa wenye barua ya daktari, au kuwa mlezi pekee wa mtoto mchanga au mgonjwa. Mahakama nyingi za shirikisho humwachia aliyezidi miaka 70 akiomba, pamoja na aliyewahi kuhudumu katika miaka 2 iliyopita. Kuwa na kazi nyingi hakutoshi.

Anayenyamaza kabisa huitwa aje kujieleza. Katika mahakama ya shirikisho adhabu inaweza kufika faini ya dola 1,000, kifungo cha siku 3, kazi za jamii, au mchanganyiko wa hayo. Mara nyingi jaji husikiliza kwanza, kwa hiyo aliyechelewa apige simu leo.

Hatua ya 4: Panga kazi na fedha

Mpe msimamizi wako nakala ya samansi mara tu unapoipata. Sheria ya shirikisho inamkataza mwajiri kukufukuza au kukutisha kwa sababu ya juri ya mahakama ya shirikisho, na faini yake inaweza kufika dola 5,000 kwa kila kosa. Majimbo yana sheria zao za namna hiyo kwa mahakama zao. Akikuambia chagua kati ya juri na kazi, usibishane naye. Mweleze karani wa mahakama. Majaji hawalichukulii jambo hilo kirahisi.

Kulindwa kazi hakumaanishi kulipwa, na hapa ndipo panapowauma watu wetu wa maghala na nyumba za wazee, wanaolipwa kwa saa. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi kukulipa saa ulizokuwa mahakamani. Massachusetts inamtaka akulipe mshahara wako wa kawaida siku 3 za kwanza, baadaye jimbo hulipa dola 50 kwa siku. Colorado nayo inamtaka alipe siku 3 za kwanza, ila kwa kikomo cha dola 50 kwa siku. Kwingi ni hiari yake, kwa hiyo uliza ofisi ya waajiriwa kabla ya siku kufika.

Mahakama yenyewe hulipa kidogo. Ya shirikisho ni dola 50 kwa siku na nauli, na kesi ikipita siku 10 inaweza kupanda hadi 60. Texas hulipa dola 20 siku ya kwanza na 58 kila siku inayofuata. California ni dola 15 kuanzia siku ya pili. Naliona jambo hili kuwa dhuluma kwa maskini, kwa sababu anayeshindwa kuacha kazi siku 5 ndiye anayekosekana kwenye juri, na mshtakiwa wa mtaa wake anabaki kutazamwa na watu wasiojua maisha yake. Kama kesi ndefu itakuacha bila kodi ya nyumba, mwambie jaji waziwazi anapouliza juu ya ugumu wa maisha. Mletee karatasi za mishahara. Dereva wa Uber asiye na mwajiri naye aseme hivyohivyo.

Malipo ya juri huhesabiwa kuwa kipato unapojaza kodi.

Hatua ya 5: Jioni iliyotangulia na asubuhi yake

Samansi nyingi hukutaka upige simu au ufungue tovuti jioni ya siku iliyotangulia, kwa kawaida baada ya saa 11 jioni, kuona kama namba yako inahitajika. Kesi nyingi huisha kwa makubaliano dakika za mwisho, na huenda ukaambiwa usije. Tazama vizuri saa zilizoandikwa: 8:00 a.m. ni saa 2 asubuhi ya kwetu.

Nenda na samansi na kitambulisho. Vaa kama unayekwenda ofisini au ibadani. Hijabu haina tatizo. Kaptura na fulana zenye maandishi ya kisiasa ziache. Mlangoni kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, kwa hiyo kisu kidogo na mkasi vibaki nyumbani. Baadhi ya mahakama za shirikisho haziruhusu simu kuingia, soma barua ujue. Beba kitabu, chakula kidogo, sweta, na dawa zako. Usimlete mtoto.

Hatua ya 6: Chumba cha kusubiri

Utajiandikisha, utaonyeshwa video fupi, kisha utakaa. Utakaa sana. Kuna watu wanaokaa kutwa nzima wakaruhusiwa kurudi nyumbani bila kuitwa, na hiyo nayo inahesabika kuwa umehudumu. Mahali pengi hufuata utaratibu wa siku moja au kesi moja: usipochaguliwa siku hiyo, umemaliza. Kwingine utakuwa wa kuitwa kwa wiki kadhaa. Swali hilo muulize karani asubuhi, ujue namna ya kupanga shifti.

Hatua ya 7: Maswali ya jaji na mawakili

Kundi lenu likiitwa mtapanda hadi chumba cha mahakama. Mtaapishwa kusema kweli. Asiyetaka kuapa kwa jina la Mungu anaruhusiwa kutoa ahadi ya kweli bila kiapo, na uzito wake ni uleule. Jaji ataeleza kesi inahusu nini, atataja majina ya wahusika, kisha yeye na mawakili wataanza kuwauliza.

Watauliza unafanya kazi gani, kama unamjua yeyote kati ya wahusika, kama umewahi kuibiwa au kupigwa, kama una ndugu polisi, kama utamwamini askari kuliko raia au raia kuliko askari. Hapa majibu ya watu wetu mara nyingine huwa magumu. Mtu aliyeona askari wakiingia kijijini kwao Kivu, akiulizwa kama anawaamini wenye sare, ana mengi moyoni. Mwanamke aliyetendewa ukatili vitani, akiitwa kwenye kesi ya ubakaji, halazimiki kuyamwaga mbele ya umati. Mwambie jaji, "Naomba kujibu faraghani." Atakusogeza karibu na meza yake pamoja na mawakili, na huko utaeleza kwa sauti ya chini. Swali si kama umeteseka. Swali ni kama unaweza kusikiliza kesi hii kwa ushahidi wake tu. Wapo walioteseka wanaoweza, na wapo wasioweza. Jibu lolote la kweli linakubalika.

Vivyo hivyo kwa imani. Waumini wengi husema hawawezi kumhukumu binadamu mwenzao. Kama ndivyo dhamiri yako inavyokuambia, sema mbele ya jaji na usisubiri hadi siku ya kuamua. Ila elewa unachoombwa: kusema kama ushahidi umethibitisha tendo. Adhabu, katika kesi nyingi, ni kazi ya jaji. Kesi za hukumu ya kifo ni tofauti, na Texas humruhusu mshtakiwa kuomba juri impangie adhabu.

Usibuni chuki ili uachiwe. Vijana huambizana kwamba ukijifanya mbaguzi utarudi nyumbani mapema. Kumbuka umeapa, na uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai.

Mawakili wanaweza kuomba mtu aondolewe kwa sababu iliyo wazi, bila kikomo. Wana pia nafasi chache za kuondoa mtu bila kutoa sababu: kwa makosa makubwa katika mahakama ya shirikisho, utetezi una nafasi 10 na mwendesha mashtaka 6. Arizona ilizifuta nafasi hizo mwaka 2022. Kuondolewa si tusi. Lakini hawaruhusiwi kukuondoa kwa rangi yako. Mahakama Kuu ya Marekani, iliyo juu ya mahakama zote nchini, ilisema hivyo mwaka 1986 katika kesi ya Batson, na mwaka 1994 ikaongeza jinsia.

Hatua ya 8: Umechaguliwa, sasa sikiliza

Kesi ya jinai ya shirikisho huwa na wajumbe 12. Ya madai huwa na 6 hadi 12, na majimbo yana hesabu zao. Florida hutumia 6 kwa makosa mengi ya jinai. Kesi nyingi huchukua siku chache.

Kanuni kubwa ni ukimya. Usimweleze mke, mume, mchungaji wala sheikh kesi inahusu nini. Usitafute jina la mshtakiwa kwenye intaneti, usiende kuitazama sehemu ya tukio, usiandike chochote Facebook. Na kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu kutoka Goma hadi Muscat, ndilo la kulichunga kuliko yote. Ukiulizwa uko wapi, sema uko mahakamani kwenye juri na huruhusiwi kueleza zaidi mpaka imalizike. Ujumbe mmoja unaweza kuvunja kesi nzima, na watu wakaanza upya.

Mengi yatakwenda kinyume na mazoea yetu. Mshtakiwa anaweza kukaa kimya kesi nzima, na jaji atawaambia msihesabu ukimya huo dhidi yake. Kwetu anayenyamaza huonekana amekiri. Hapa mwenye mzigo wa kuthibitisha ni serikali, tena pasipo kuacha shaka ya msingi. Kesi ya madai, kama ya ajali ya gari au mkataba, haihitaji kiwango hicho: inatosha upande mmoja uwe na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli.

Yapo pia yanayotuhusu sisi hasa. Ikitokea shahidi anazungumza Kiswahili na mkalimani anatafsiri, wewe unayemwelewa moja kwa moja unatakiwa kufuata tafsiri ya mahakama, ili wajumbe wote muamue kwa ushahidi mmoja. Ukiona mkalimani ameteleza, usiwanong'oneze wenzako. Mwandikie jaji karatasi kupitia askari wa mahakama, yeye atajua la kufanya. Mahakama Kuu ilikubali mwaka 1991, katika kesi ya Hernandez iliyohusu Kihispania, kwamba mwendesha mashtaka anaweza kumwondoa mtu anayesitasita kuikubali tafsiri rasmi. Ukiulizwa mwanzoni kama utaifuata, fikiri kwanza, kisha jibu bila kusitasita.

Hatua ya 9: Chumba cha majadiliano

Mawakili wakishamaliza, jaji atawasomea maelekezo ya sheria. Mtaingia chumbani peke yenu, mtachagua kiongozi, na mlango utafungwa. Kazi yote ilikuwa kwa ajili ya saa hizi.

Malezi yetu yanaweza kutuzuia mle ndani. Tumefundishwa kutobishana na aliyetuzidi umri, na wanawake wengi wamefundishwa kuwaachia wanaume wamalize kwanza. Humo kura ya msichana wa miaka 19 ni sawa na ya profesa wa miaka 60. Kuanzia mwaka 2020, kwa uamuzi wa kesi ya Ramos dhidi ya Louisiana, kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa kunahitaji wajumbe wote wakubaliane katika majimbo yote. Kwa hiyo sauti yako si ya kujazia hesabu. Kama kuna mashaka, yaseme kwa Kiingereza ulicho nacho, taratibu, ukitaja ushahidi wenyewe: "Shahidi wa pili alisema taa ilikuwa imezimwa." Mtu akizungumza haraka, mwombe arudie. Mkihitaji kusikia tena ushahidi au kueleweshwa sheria, kiongozi humwandikia jaji.

Kubadili mawazo baada ya kumsikiliza mwenzako ni sawa kabisa. Kubadili kwa sababu Ijumaa imefika, umechoka na watoto wanasubiri, si sawa. Huenda kijana aliye kwenye kiti cha mshtakiwa ni wa jamii yetu, huenda ni wa nyingine. Miaka yake iko mikononi mwenu. Mkishindwa kabisa kukubaliana, jaji atawataka mjaribu tena, na ikishindikana ataivunja kesi, na inaweza kusikilizwa upya na watu wengine. Hakuna atakayeadhibiwa kwa hilo. Kesi za madai huwa na masharti mepesi zaidi mahali pengine. California hutosha 9 kati ya 12.

Mjumbe akitoa maneno ya chuki ya rangi au kabila kama sababu ya kumtia mtu hatiani, mwarifu jaji. Kwa kawaida siri ya chumba hicho hulindwa hata baada ya hukumu, lakini mwaka 2017, katika kesi ya Pena-Rodriguez kutoka Colorado, Mahakama Kuu ilisema ubaguzi wa wazi wa namna hiyo unaweza kuchunguzwa.

Hatua ya 10: Baada ya uamuzi

Uamuzi husomwa mahakamani, na huenda kila mmoja akaulizwa kama ndio wake. Jibu kwa sauti. Kisha jaji atawaachia. Kuanzia hapo, isipokuwa jaji ameagiza vingine, uko huru kuzungumza kuhusu kesi au kukataa. Mawakili au waandishi wa habari wakikufuata mlangoni, "Sitaki kuzungumza" inatosha. Kama ushahidi ulikuwa wa kutisha, picha za maiti au watoto, na usiku hulali, waambie ofisi ya juri. Mahakama nyingine zina ushauri nasaha kwa wajumbe, nawe una haki ya kuuliza.

Kabla ya kuondoka chukua cheti cha kuhudumu chenye tarehe zote. Nakala moja mpe mwajiri, nyingine ihifadhi pamoja na hati yako ya uraia. Cheki hufika kwa posta baadaye, kwa hiyo ukihama nyumba waachie anwani mpya. Na samansi nyingine ikija mapema, ambatisha nakala ya cheti hicho unapojibu, uombe kupumzishwa.